Kabla ya kumpa mama mashini, mtafutieni mnunuzi

Wiki chache zilizopita niliingia katika parseli moja upande wa Ndosho, magharibi ya mji wa Goma. Nilialikwa kuona kazi ya akina mama wahami waliofundishwa kushona. Nilikuta mashini saba. Sita zilikuwa zimefunikwa turubai. Ya saba ilikuwa inatengeneza suruali ya mtoto wa jirani, na hiyo pia kwa deni. Mama mmoja akanieleza bila hasira kwamba kushona wanajua. Mtu wa kumshonea ndiye hawajampata.

Wasikilizaji, na ninyi ndugu zetu wahami, jambo hili tumeliona mara nyingi. Mafunzo yanafanyika, picha zinapigwa, cheti kinatolewa, mashini inakabidhiwa, gari linaondoka. Baada ya miezi mitatu mashini inauzwa ili kulipa nyumba au karo ya shule. Watu wanasema yule mama hakuwa na bidii. Mimi nakataa. Bidii alikuwa nayo. Alichokosa ni mnunuzi, na hakuna aliyemsaidia kumtafuta.

Kosa ni kuanza na bidhaa, halafu kutafuta wa kuinunua. Njia nzuri ni kuanza na mtu mwenye shida, ambaye tayari anatoa pesa kwa ajili ya shida ile, hata kama ni kidogo. Bidhaa inafuata.

Mfano tunao hapa kwetu. Nani hajui chukudu? Hakuna mradi wowote ulioileta. Watu walikuwa na viazi, makala na mbao za kushusha kutoka Kibumba hadi Goma. Gari lilikuwa ghali, na mgongo unachoka. Maseremala wakachonga mti wa mkaratusi, wakavalisha magurudumu kipande cha mpira, kazi ikaanza. Mzigo ulikuwepo, mteremko ulikuwepo, mwenye kulipa alikuwepo. Ndiyo maana chukudu imeishi miaka mingi, hata ikajengewa sanamu katikati ya mji.

Turudi kwa akina mama wa Ndosho. Wao walifundishwa kushona magauni. Lakini kila asubuhi sokoni balo za mitumba zinafunguliwa, na gauni la mitumba linauzwa kwa bei ambayo kitambaa kipya peke yake hakiwezi kufikia. Kushindana hapo ni kujichosha. Lakini yule anayenunua mitumba mara nyingi anapata nguo isiyomtosha: anahitaji mtu wa kuipunguza siku hiyo hiyo, karibu na soko. Mtoto wa shule anahitaji shati jeupe na suruali au sketi ya buluu kabla ya masomo kuanza mwezi wa Septemba. Mwezi wa Machi, kabla ya tarehe 8, akina mama wengi wanatafuta fundi wa kushona kitenge. Wanunuzi wapo, kila mmoja na wakati wake na mahali pake. Mashini zile saba zingekaa kando ya soko, si ndani ya parseli, zingekuwa na kazi.

Sasa nawaambia wanaoanza biashara ndogo, na pia vijana wetu wenye kompyuta wanaoeleza miradi yao mbele ya majaji: muwe waangalifu na jinsi mnavyouliza. Sisi tuna adabu. Ukimwuliza mtu kama atanunua sabuni yako, atasema ndiyo, mama, nitanunua, Mungu akubariki. Anafanya hivyo ili asikuaibishe. Usiende kupanga biashara juu ya ile ndiyo. Mwulize kuhusu jana. Jana sabuni ulinunua wapi? Kipande cha bei gani? Kwa nini kwa yule na si kwa mwingine? Ni nini kilikuudhi? Mtu anaweza kukudanganya kwa upole kuhusu kesho, lakini jana anaikumbuka.

Halafu simama mahali watu wanaponunua, asubuhi mbili au tatu, uhesabu. Utaona kwamba wengi hawanunui kopo zima la mafuta wala kilo nzima ya sukari. Wananunua kadogo, kwa noti ya 500 waliyo nayo mkononi. Mabenki yalipofungwa Goma mwisho wa Januari 2025, pesa taslimu zilizidi kuwa ngumu. Bidhaa isiyoweza kukatwa kadogo itabaki mezani.

Tengeneza chache kwanza. Vipande kumi, si mia moja. Uzia watu wasio wa ukoo wako wala wa kanisa lako, kwa sababu hao wako wananunua kwa huruma, tena kwa deni. Baada ya wiki moja hesabu ni wangapi wamerudi wenyewe. Wakirudi sita kati ya kumi, endelea. Asiporudi hata mmoja, usimlaumu shetani wala jirani. Badilisha bidhaa, bei, au mahali.

Neno langu zito zaidi ni kwa mashirika ya kiutu. Kuna jambo ninaloliona na linaniumiza. Shirika linafundisha akina mama kutengeneza sabuni kwa mafuta ya mawese na soda. Mwezi unaofuata, linagawa bure sabuni iliyonunuliwa mbali, kwa majirani wale wale ambao wangekuwa wanunuzi wa mama huyo. Kwa mkono mmoja umempa kazi, kwa mkono mwingine umemwondolea soko.

Hebu tufanye hesabu. Kanuni za Sphere, ambazo mashirika mengi yanazifuata, zinasema kila mtu apate kwa mwezi angalau gramu 250 za sabuni ya kuoga na gramu 200 za kufulia. Jamaa ya watu watano inahitaji zaidi ya kilo 2. Jamaa 1.000 zinahitaji kilo 2.250 kila mwezi. Mnunuzi wa kwanza wa akina mama wale yupo: ni shirika lenyewe lililowafundisha.

Najua jibu litakalotolewa. Watasema sabuni ya akina mama haina ubora, soda ikizidi inachoma ngozi, na zabuni zina masharti yake. Ni kweli, sabuni mbaya inaumiza watoto, na sitaki igawiwe. Lakini kama masharti yanajulikana, kwa nini yasifundishwe tangu siku ya kwanza? Mwalimu aoneshe kipimo, sampuli ipelekwe kupimwa, na shirika liahidi kwa maandishi kununua hata sehemu moja ya kumi tu ya mahitaji yake kama sabuni imefaulu. Ahadi hiyo ina thamani kuliko mashini mpya, kwa sababu inampa mama nafasi ya kujifunza huku akilipwa.

Na tukumbuke kwamba mhami ana mzigo ambao mfanyabiashara mwingine hana: wateja wake wanaweza kutawanyika kwa siku moja. Mwezi wa Februari 2025, kambi zilizozunguka Goma zilipokuwa zinavunjwa, mama aliyekuwa akiuza mandazi alibaki na sufuria, lakini si na watu. Kwa hiyo msimfunge mtu na kitu kizito kisichobebeka. Mfundisheni kutafuta wanunuzi. Ujuzi huo anaweza kuubeba kichwani mpaka Masisi, Rutshuru au popote atakapofika.

Kwa hiyo, viongozi wa mashirika mnaosoma hapa: mkija mara nyingine kuhesabu mafanikio yenu, msituambie ni mashini ngapi mmegawa. Tuambieni ni akina mama wangapi waliouza jana, na ni wateja wangapi waliorudi leo.