Okidi zinataka kivuli na upepo, si nyumba ya nailoni

UANI KWETU
Na Rehema Msuya

Swali linalonifikia mara nyingi msimu huu, hasa kutoka kwa wasomaji wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ni la bei: kitalu nyumba cha kuoteshea okidi nyumbani kinagharimu kiasi gani? Jibu langu ni fupi. Msinunue. Kitalu nyumba cha nailoni wanachouziwa wakulima wa nyanya na pilipili hoho kina kazi yake, lakini kwa okidi za ukanda wa pwani kinaua. Sehemu ndogo tu ya fedha hiyo inatosha kujenga banda la kivuli ambamo okidi zitatoa maua mwaka hadi mwaka.

Tuanze na mmea wenyewe. Jamii ya okidi ina spishi zaidi ya 25,000, na nyingi kati ya zile tunazozipenda majumbani haziishi ardhini. Hushika magome ya miti huko juu, wala hazinyonyi mti. Mizizi yake hutanda hewani, imevikwa ganda jeupe lenye vitundu kama dodoki. Mvua ikinyesha, ganda hilo hunywa maji kwa dakika chache na mzizi ukageuka kijani. Upepo ukiupitia, hukauka na kurudia weupe wake. Mzizi wa namna hii umeumbwa kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Ukiufungia kwenye joto na unyevu usiokuwa na pa kutokea, unaoza. Wengi wakiona majani yamenyauka hudhani ni kiu, wakaongeza maji, kumbe mizizi ilishaoza kwa kukosa hewa.

Waingereza walilijua hili kwa hasara. Mwanzoni mwa karne ya 19, okidi zilipokuwa zikishushwa melini kutoka Amerika Kusini na Asia, wenye bustani waliamini kwamba kila mmea wa tropiki unatoka kwenye msitu wa joto kali. Wakazifungia katika nyumba za vioo, wakawasha makaa ya mawe, wakaziba kila upenyo. Zikafa kwa wingi. Katika miaka ya 1830 Joseph Paxton, mkuu wa bustani za Chatsworth, alianza kuingiza hewa, kupunguza joto, kumwagia maji njia za ndani na kuzitenga okidi kulingana na joto la kwao. Zikaanza kuishi. Sasa ikiwa nchi yenye theluji ililazimika kufungua madirisha, sisi wa Kinondoni na Kisauni tunaziba nini?

Banda ninalolipendekeza ni la mita tatu kwa nne, na fundi yeyote wa mtaani analiweza. Simamisha nguzo za mbao au za bomba la chuma, kimo chake kiwe kati ya mita mbili na nusu na tatu ili hewa ya moto ipande na kuiacha mimea chini. Juu tandaza neti nyeusi ya kivuli, ile inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya pembejeo. Chukua ya asilimia 50. Dendrobium na Cattleya zitaridhika nayo, na Vanda, ambayo mizizi yake huning'inia bila hata chungu, itundike upande unaopata mwanga mwingi zaidi. Phalaenopsis, ile yenye maua mapana yanayodumu miezi miwili au mitatu, inataka kivuli kizito zaidi. Huna haja ya kuijengea banda la pili. Kwenye kona yake ongeza tabaka jingine la neti hiyo hiyo: neti mbili za asilimia 50 zikilaliana hupitisha robo tu ya mwanga, na hicho ndicho kipimo chake.

Upande wa magharibi shusha neti hadi chini, maana jua la alasiri ndilo linalounguza. Upande unakotoka upepo acha wazi, isipokuwa kama unaishi karibu kabisa na bahari. Hapo panda ua wa miti upunguze upepo wa chumvi. Usimwage zege sakafuni. Mwaga kokoto, na saa sita mchana zinyunyizie maji. Maji yakigeuka mvuke yanapoza banda zima, na unyevu unapanda pasipo mashine wala umeme. Meza ziwe za wavu wa waya ili maji yachuruzike na hewa ipite chini ya vyungu. Juu ya kona ya Phalaenopsis ezeka bati angavu kabla ya masika, kwa sababu maji yakilala katikati ya majani yake usiku kucha moyo unaoza, na mche unaokua kwa shina moja ukishaoza moyo umekwisha. Kwa sababu hiyo hiyo mwagilia asubuhi, majani yawe yamekauka jua linapozama.

Mwanga hauhitaji kifaa cha kupimia. Mchana gusa jani: likiwa la moto mkononi, ongeza kivuli. Majani yakiwa kijani cha kukolea na mmea hautoi maua miezi nenda rudi, punguza kivuli. Jani la okidi inayopata mwanga wa kutosha huwa kijani cha kung'aa chenye umanjano kwa mbali.

Linalosahaulika zaidi pwani ni chumvi. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi ambayo mchicha huyavumilia kidogo, lakini okidi haiyawezi: ncha za mizizi zinaungua, kisha ncha za majani zinakuwa nyeusi. Funga gata kwenye paa la nyumba na uelekeze maji ya mvua kwenye tangi. Chungu jaza vipande vya mkaa, vigae na makumbi ya nazi, kamwe usijaze udongo. Makumbi nayo yana chumvi yake, tena yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya usumba ndiyo zaidi. Yaloweke kwenye maji baridi siku kadhaa, ukiyabadilisha maji kila siku, ndipo uyatumie.

Walioko Lushoto, Njombe, Mbeya au Limuru wana hesabu nyingine. Huko baridi ya Juni na Julai ni ya kweli, na paa la nailoni linafaa kuzuia umande na mvua ya baridi, mradi kuta zikunjwe mchana hewa iingie. Lakini hata huko msilazimishe. Badala ya kuipashia joto Phalaenopsis inayoumia usiku ukishuka chini ya nyuzi 15, pandeni Cymbidium, ambayo inahitaji usiku wa baridi namna hiyo ndipo ishike maua. Mtu wa pwani akiilea Cymbidium atavuna majani miaka yote. Mtu wa Njombe ataziona zimechanua hadi jirani aje kuomba mche.

Ambaye hana uwezo hata wa banda, na atumie mti. Mkwaju unafaa sana: gome lake ni la mikwaruzo, halibanduki, na majani yake madogo huchuja mwanga. Mpera na mkaratusi ni bure, maana hubambuka magome na okidi huanguka nayo. Funga mche upande wa mashariki wa shina kwa kamba ya katani, mwanzoni mwa masika. Mizizi itashika gome kabla ya kiangazi, na kamba itaoza yenyewe. Wakulima wa Kagera wanaopanda vanila wanaijua kanuni hii vizuri kuliko wauzaji wa nailoni. Vanila nayo ni okidi, na wao huiacha ipande kwenye miti midogo ndani ya kivuli cha migomba.

Limebaki jambo ninaloliona zito kuliko yote, nalo ni mche unatoka wapi. Mahitaji ya okidi yanapoongezeka mijini, wapo wanaokwenda msituni na panga. Okidi chui, Ansellia africana, yenye maua ya njano yaliyotiwa madoa ya kahawia, hubanduliwa na gome lake ikauzwa kando ya barabara, na nyingi hufa zikiwa mikononi mwa mnunuzi. Nyanda za Juu Kusini zimeumia kwa njia nyingine: viazi vya okidi za ardhini huchimbwa na kuvushwa Zambia, ambako hupikwa chikanda. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, tunayoiita Bustani ya Mungu, ilianzishwa mwaka 2005, na ndani yake kuna aina 45 za okidi za ardhini. Hizo hata ukizibeba nyumbani haziwezi kuishi, kwani zinategemea kuvu walio katika udongo wa kwao.

Msitu haurudishi haraka kilichong'olewa. Mbegu ya okidi ni laini kama vumbi na haina akiba ya chakula. Porini haioti mpaka ikutane na kuvu wa kuilisha. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson aligundua namna ya kuiotesha kwenye chupa yenye sukari na madini, na tangu hapo hakuna sababu ya msingi ya kumaliza okidi za porini kwa ajili ya bustani. Tanzania ina maabara zinazozalisha miche ya migomba kwenye chupa. Ujuzi huo unakaribiana sana na wa okidi, na ningependa kuona taasisi zetu za kilimo zikiugeuza kuwa miche ya okidi zetu wenyewe, halali, kwa bei anayoimudu mwalimu au muuguzi. Biashara ya okidi za porini kuvuka mipaka inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, lakini mkataba hauwezi kusimama kwenye kila kona ya barabara. Hapo anasimama mnunuzi.

Basi fuateni mpangilio huu. Kwanza jua baridi na joto la usiku la mahali unapoishi, kwani ndilo litakalokuchagulia aina. Pili weka kivuli, kisha tangi la maji ya mvua. Mche uwe wa mwisho, ununuliwe kitaluni, ukiwa na mizizi mizima ndani ya chungu chake, usio na kipande cha gome la porini wala mizizi iliyokatwa kwa panga. Muulize muuzaji umezalishwa wapi. Akishindwa kujibu, rudi nyumbani na fedha yako.