Laini ya Simu Si Kadi ya Chama



Mwaka jana chama chetu kilipiga kura ya kukubali au kukataa posho mpya ya safari iliyoletwa na waajiri. Kura ilipigwa kwa programu ya simu. Siku hiyo wenzetu kadhaa walikuwa Malaba, katika foleni ya malori, wakingojea karatasi za forodha. Simu walikuwa nazo, chaji ilikuwapo, mtandao ulikuwapo. Walifungua programu, wakaandika namba zao, nayo ikawajibu kwamba imewatumia tarakimu sita kwa ujumbe mfupi. Wakangoja. Tarakimu hazikuja, wala zisingeweza kuja, kwa sababu laini iliyoandikishwa chamani ilikuwa imefungwa katika kipande cha karatasi ndani ya pochi, na ndani ya simu mlikuwa na laini ya Kenya. Waliorudisha laini ya nyumbani walizipata tarakimu baada ya muda wake kwisha. Programu ikawataka waanze upya. Kuanza upya kulitaka intaneti, na kifurushi cha intaneti kilikuwa katika ile laini ya Kenya waliyoitoa. Saa kumi na mbili jioni kura ikafungwa.

Basi kura juu ya posho ya safari ilipigwa na watu waliokuwa nyumbani, na waliokuwa safarini wakaachwa nje. Hatusemi kwamba mtu alikusudia. Tunasema kwamba mlango ulijengwa na watu ambao hawajapata kuvuka mpaka na lori, na hakuna aliyewauliza wanaovuka.

Sasa Kamati Kuu imeagiza programu iandikwe upya, itumike katika simu za Android na za iPhone pia. Mafundi wameleta mpango wao. Kurasa za habari zina maelezo mengi, rangi zina maelezo, hata alama ya chama itakavyozunguka wakati wa kufunguka ina maelezo. Jinsi mwanachama atakavyoingia imepewa mistari mitatu mwishoni, pamoja na maneno kwamba ni kazi ndogo itakayomalizwa wiki ya mwisho. Sisi tunaoandika ukurasa huu tunapinga. Kazi hiyo ndiyo ya kwanza, na haiwezi kuachiwa mafundi peke yao.

Tueleze kwanza jambo lenyewe, maana si gumu. Dereva yeyote aliyeingia bandarini Mombasa anajua pasi ya getini. Unaonyesha kitambulisho mara moja mlangoni, unapewa pasi, na ukiwa ndani unaonyesha pasi tu. Programu ya simu hufanya vivyo hivyo. Unajithibitisha mara moja kwa seva ya chama, seva inakupa kibali, na baada ya hapo simu inaonyesha kibali kila unapofungua ukurasa. Aliyeiba pasi yako hahitaji kitambulisho chako. Kwa hiyo kibali kinawekwa wapi ndani ya simu, kinaishi muda gani, na nani anaweza kukifuta, ni maswali ya mwanachama pia.

Siku hizi fundi anaweza kuandika programu moja ikafanya kazi katika simu za aina zote mbili. Vifaa kama React Native, iliyotolewa na Facebook mwaka 2015, na Flutter ya Google, vimepunguza gharama sana, na chama chenye mfuko mdogo kama chetu kina haki ya kuvitumia. Lakini sanduku la siri la kila simu limejengwa na watengenezaji wake. Katika iPhone linaitwa Keychain, katika Android linaitwa Keystore, na hayafanani. Fundi mvivu huyapita yote mawili, akaandika kibali katika faili la kawaida, kwa kuwa faili la kawaida huandikwa kwa njia ile ile kila mahali. Mkataba useme waziwazi kwamba jambo hilo ni marufuku. Useme pia kwamba kibali kiwe cha muda mfupi, kifanywe upya chenyewe, na kiweze kufutwa kutoka kwenye seva saa hiyo hiyo mwanachama anapotoa habari kwamba simu yake imeibwa Mlolongo usiku.

Turudi kwenye laini. Mafundi wanataka tuendelee na namba ya simu na tarakimu za ujumbe mfupi, kwa sababu kila mtu ana simu. Ni kweli kila mtu ana simu. Lakini dereva wa masafa marefu ana laini tatu au nne, na utingo wake mara nyingi anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka yake. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa na kampuni, kisha namba ile ile huuzwa kwa mtu mwingine, naye huyo anaweza kupokea tarakimu zako. Matapeli wa kubadilisha laini tunawajua. Wamemaliza akiba za watu katika pesa za simu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, iliweka tarakimu zinazotumwa kwa mtandao wa simu katika fungu la njia za kutumiwa kwa masharti, na ikataka watu wapewe njia nyingine. Chama cha madereva kinawezaje kutegemea njia hiyo peke yake?

Tena kuna jambo ambalo mafundi hawakuliwaza hata kidogo, nalo ndilo linalotukosesha usingizi. Wengi wetu simu tunayobeba si yetu, ni ya tajiri. Ametupa pamoja na lori ili ajue tulipo. Ujumbe wenye jina la chama na tarakimu za kuingia unapotokea juu ya kioo, simu ikiwa juu ya meza ya ofisi ya tajiri, hapana haja ya mpelelezi.

Kuna baya zaidi ya hilo. Mmoja wetu aliijaribu programu ya sasa kwa namba ya shemeji yake ambaye si mwanachama. Programu ikamjibu kwa adabu: namba hii haimo katika orodha ya wanachama. Akajaribu namba ya mwenzetu wa tawi, ikamjibu kwamba tarakimu zimetumwa. Hebu fikirini. Tajiri ana namba za madereva wake wote. Karani wake anaweza kukaa asubuhi moja na kikombe cha chai, akaandika namba moja baada ya nyingine, na kabla ya chakula cha mchana akawa na orodha kamili ya waliojiunga na chama katika kampuni yake. Hahitaji kuvunja kitu. Mlango wenyewe unamwambia.

Wako watakaosema tunatia chumvi. Na wasome yaliyotokea Uingereza. Mwezi wa Februari mwaka 2009, ofisi ya serikali ya huko inayosimamia ulinzi wa taarifa ilivamia ofisi ya shirika lililoitwa Consulting Association, ikakuta faili za wafanyakazi 3,213 wa ujenzi. Makampuni makubwa zaidi ya 40 yalikuwa yakilipia kuuliza majina humo kabla ya kumwajiri mtu. Katika faili hizo kulikuwa na mambo kama haya: huyu ni mwakilishi wa chama, huyu alilalamikia usalama kazini. Watu walikaa miaka bila kazi pasipo kujua sababu. Kesi zao ziliishia kwa malipo mwaka 2016, na miaka waliyoipoteza haikurudi. Orodha ile ilikusanywa kwa kazi ya mkono, kadi baada ya kadi. Yetu itatolewa na programu yetu wenyewe, bure.

Dawa yake ni ndogo na haina gharama. Namba iwe ya mwanachama au isiwe, programu itoe jibu moja tu, kwa maneno yale yale na kwa muda ule ule: kama umeandikishwa utapata maelekezo. Na anayejaribu mara nyingi mfululizo acheleweshwe. Jambo hili halikuwa katika mpango wa mafundi kwa kuwa kwa duka la viatu haidhuru nani anajulikana kuwa mteja.

Mpango unaleta pia kitufe cha kuingia kwa akaunti ya Google. Tunawauliza wenzetu: nani alifungua akaunti ya Google iliyomo katika simu yako? Kwa wengi jibu ni kijana wa dukani aliyeuza simu. Aliandika jina analolijua yeye na neno la siri analolijua yeye, na labda simu kumi za siku hiyo zina neno hilo hilo. Kumpa kijana yule ufunguo wa kura ya chama si maendeleo. Anayetaka kitufe hicho kwa hiari yake apewe, lakini kisiwe njia kuu.

Fundi mmoja alisimama kikaoni akapendekeza picha ya uso. Tulimsikiliza. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mashine za makampuni matatu zinazotambua kama uso ni wa mwanamke au wa mwanamume. Kwa wanaume weupe mashine zilikosea si zaidi ya asilimia 0.8, kwa wanawake weusi makosa yalifika asilimia 34.7. Na huko Uingereza Pa Edrissa Manjang, mpeleka vyakula mweusi wa Uber Eats, aliondolewa kazini mwaka 2021 baada ya picha zake kukataliwa na mashine. Alilipwa kwa makubaliano mwaka 2024, akisaidiwa na chama chake na tume ya usawa. Chama cha wafanyakazi kisijenge geti la namna hiyo kwa mikono yake. Alama ya kidole ni habari nyingine kidogo, maana hubaki ndani ya simu yenyewe bila kupelekwa kwenye seva. Iwepo kwa anayeipenda. Aliyebadilisha matairi miaka ishirini anajua kwamba kidole chake simu huwa haikijui.

Tunachotaka sisi ni hiki. Mwanachama ajulikane kwa namba ya kadi yake ya chama na neno la siri refu alilolichagua mwenyewe, hata kama ni maneno manne ya kawaida yaliyofuatana. Tusimlazimishe kulibadilisha kila mwezi. Mwongozo ule ule wa NIST ulishauri usumbufu huo uepukwe, na sisi tunajua watu hufanya nini wakisumbuliwa: huliandika nyuma ya kadi. Seva isihifadhi neno lenyewe, ihifadhi alama yake iliyosagwa kwa njia kama Argon2, iliyoshinda mashindano ya fani hiyo mwaka 2015. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani iliibiwa maneno ya siri milioni 32 yaliyokuwa yameandikwa kama yalivyo, na mpaka leo wezi huyatumia kubahatishia.

Na kila mwanachama apewe tawini karatasi yenye namba kumi za akiba, kila moja ikitumika mara moja tu. Karatasi haina laini wala mpaka. Wenzetu wa Malaba wangekuwa nayo pochini wangepiga kura.

Mafundi wanasema watu watasahau maneno ya siri. Ni kweli, watasahau, na karatasi zitalowa. Ndiyo sababu tunataka tawi lolote la njiani, si la nyumbani tu, liweze kumfungulia mwanachama aliyefika na kadi yake. Lakini hapa tuseme ukweli hata kama utawaudhi baadhi ya viongozi wetu. Katibu wa tawi naye hugombea. Anayeweza kufungua akaunti ya mtu anaweza kupiga kura ya mtu. Kwa hiyo wafunguzi wawe wawili, mmoja awe mwanachama wa kawaida asiyegombea nafasi yoyote, na kila kufungua kuandikwe katika daftari ambalo mwanachama yeyote wa tawi anaweza kulitaka wakati wowote alione. Kiongozi anayeona ugumu kwa daftari hilo atueleze kwa nini.

Tumekwisha kuambiwa kwamba haya yataongeza gharama na kuchelewesha kazi. Yataongeza kidogo. Sheria nazo zinatutazama: Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022, na wanachama wetu wanalala katika nchi zote nne ndani ya wiki moja. Rangi na alama inayozunguka zinaweza kungoja.

Kamati Kuu itakaa kabla fundi hajalipwa awamu ya kwanza. Tunaomba matawi ya Malaba, Busia, Mutukula na Katuna yapeleke maoni kwa maandishi, pamoja na majina ya wanachama wawili wawili walio tayari kushika daftari. Na mpaka programu mpya itakapokuwa tayari, ule ukurasa unaomjibu kila mtu kama namba fulani ni ya mwanachama ufungwe wiki hii.