Dawa Isiyoua: Mimea Nayo Hupewa Tahadhari

Sahani ya chipsi uliyokula juma hili ina kisa kirefu kuliko unavyodhani. Huenda viazi vyake vilitoka Nyandarua au Meru, na kabla ya kuingia katika karai la mafuta vilinyunyiziwa dawa shambani si mara moja wala mbili. Majira ya mvua na baridi yanapofika, ugonjwa ambao wakulima wengi huuita blaiti unaweza kuteketeza shamba zima kwa siku chache tu. Mkulima hana budi kubeba pampu mgongoni. Gharama ya dawa hiyo unailipa wewe pia, unaponunua viazi sokoni.

Lakini gharama si tatizo pekee. Dawa nyingi za shambani zina kazi moja, nayo ni kuua. Viini vya maradhi vinapouawa kwa njia ile ile kila msimu, vichache huponea na kuzaana, hata dawa ikawa kama maji. Mwaka 1980, nchini Ireland na Uholanzi, dawa iitwayo metalaksili ilishindwa kuzuia blaiti katika mashamba ya viazi, na ilhali ilikuwa imetoka juzi juzi tu na kusifiwa sana.

Je, mmea wenyewe hauwezi kujitetea? Wengi wetu hudhani kwamba mmea husimama tu kama mlingoti wa stima, ukingojea kuliwa. La hasha! Ni kweli kwamba mmea hauna damu wala askari wa kuzunguka mwilini kama sisi, lakini kila seli yake ni askari. Seli inapotambua kwamba imevamiwa, huimarisha kuta zake na kutengeneza kemikali za kumdhuru adui. Wakati mwingine seli zilizoshambuliwa hujiua zenyewe, ili adui akose njia ya kupenya.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba habari hizo husambaa. Mwaka 1961, mtaalamu wa Marekani aitwaye Frank Ross aliambukiza virusi majani ya chini ya mtumbaku. Siku kadhaa baadaye aliyaambukiza majani ya juu. Majani hayo ya juu yalipata madoa machache na madogo, kana kwamba yalikuwa yamepashwa habari na wenzao wa chini.

Mwaka 1979, mtafiti Raymond White, katika kituo cha Rothamsted nchini Uingereza, alidunga mtumbaku asipirini, ndiyo ile tunayomeza kichwa kikiuma. Mmea ukawa mgumu kwa virusi. Ilipofika mwaka 1990, wanasayansi walionyesha kwamba mmea unaposhambuliwa hujitengenezea asidi ya salisili, ambayo ni ndugu wa karibu wa asipirini. Kumbe White alikuwa amebisha mlango ambao mmea wenyewe huufungua!

Sasa fikiria mlinzi wa usiku katika mtaa wenu. Akiambiwa mapema kwamba wezi wameonekana mtaa wa pili, hapulizi kipenga usiku kucha. Huchukua tochi yake, hushika rungu na kukaa karibu na lango. Mwizi akitokea, mlinzi huyo huamka upesi kuliko yule aliyekuwa amesinzia. Hivyo ndivyo kemikali hizi zinavyoutayarisha mmea. Hazimuui adui, bali huuambia mmea, "Kaa chonjo!" Adui akija, mmea hujibu haraka na kwa nguvu zaidi.

Kwa nini mmea usikae vitani siku zote? Kwa sababu vita ni gharama. Mmea unaotengeneza silaha mchana na usiku hudumaa na kuzaa mbegu chache. Mwaka 2006, watafiti wa Uholanzi walipima jambo hili kwa mmea mdogo wa maabara. Waligundua kwamba kuuweka mmea tayari hakuugharimu sana, na maradhi yalipoingia, mimea iliyotayarishwa ilifanya vyema kuliko mingine. Mlinzi aliye macho ni nafuu kuliko jeshi zima lililopiga kambi langoni.

Wala haya si ya maabara tu. Wakulima wa mpunga nchini Japani wametumia dawa ya aina hii, probenazoli, tangu miaka ya 1970 kupambana na ugonjwa wa mpunga uletwao na kuvu. Mwaka 1996 ilitolewa dawa nyingine ya ngano huko Ulaya, ambayo gramu 30 hivi zilitosha hekta nzima. Tukirudi kwenye viazi vyetu, mwaka 2010 watafiti wa Uswidi walieleza jinsi walivyochanganya kemikali ya kuutayarisha mmea, iitwayo BABA, na dawa ya kawaida ya blaiti. Walipunguza kipimo cha dawa hiyo kwa asilimia 20 hadi 25, na viazi vikakingwa sawa na vilivyopewa kipimo kamili.

Hata hivyo, msomaji wangu, usikimbilie kuyeyusha asipirini na kuimwagia sukuma wiki yako nyuma ya nyumba. Asidi ya salisili ikizidi huunguza majani, na BABA ikizidi huudumaza mmea. Tena kinga hii haiwi kamili. Mara nyingi hupunguza maradhi kwa kati ya asilimia 20 na 85, ikitegemea hali ya hewa, aina ya mbegu na rutuba ya udongo. Mmea wenye njaa hauwezi kupigana hata ukionywa mara mia. Isitoshe, tahadhari hutolewa mapema. Ugonjwa ukishatanda shambani, kumwamsha mlinzi hakusaidii, kwa maana mwizi yumo ndani tayari.

Kwa hivyo dawa hizi hazitaiondoa pampu mgongoni mwa mkulima kesho. Lakini zikitumiwa pamoja na mbegu bora na kubadilisha mazao shambani, zinaweza kupunguza mara anazoibeba, na sumu inayomwangukia mikononi na machoni. Hilo si jambo dogo kwa mtu anayetulisha sisi wa mjini.

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, kumbuka kwamba mlango huu ulifunguliwa na watu waliotazama madoa kwenye jani na kujiuliza kwa nini ni machache. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na mimea, kumbe, huufuata usemi huo bila kwenda shule.

Hadi Jumapili ijayo, osheni mboga zenu vizuri. Kwaherini.