Asante Iende na ya Kutolea

Ukishuka stejini Kwa Jomvu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, malori yakiwa bado yamelala, sauti utakayoisikia ndani ya yadi za Jomvu Kuu ni ya chelewa kwenye saruji. Mmoja yuko mbele na fagio, mwingine nyuma yake na sepetu na toroli. Ikifika saa mbili trela zimeanza kutoka, na hakuna anayekumbuka kwamba jana jioni pale palikuwa na oili, chupa, vifuko vya mogoka na misumari.

Kazi ya kufagia maegesho imekuwa biashara kamili upande huu. Mizigo ya bandari inapita hapa, yadi za makontena zimejipanga kutoka Changamwe hadi Miritini, na tangu Madaraka Express ianze safari mwaka 2017 stesheni ya Miritini imeleta magari yake pia. Penye magari pana uchafu. Mwenye yadi hataki kuajiri wafagiaji wake mwenyewe, kwa hivyo anampa kazi mtu mwenye fagio, vijana wawili na simu.

Sasa, siku hizi tunaambiwa tufanye biashara kwa shukrani. Amka ushukuru, andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri, tabasamu kwa mteja. Hatuna ugomvi na hayo. Ila kwa biashara hii sisi tunaona shukrani ina kipimo kimoja tu: aliyeshika fagio amelipwa lini, na ni shilingi ngapi zimemfikia mkononi. Mengine ni mapambo.

Tunasema hivi kwa sababu tunajua pesa zinakokwama. Mwenye yadi hulipa mwisho wa mwezi, na mara nyingi mwisho wa mwezi ni mwanzo wa kungoja. Invoisi iko kwa mhasibu, mhasibu yuko Nairobi, hebu piga Jumatatu. Mfagiaji naye anakula leo. Na si suala la huruma peke yake: Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema kibarua hulipwa mwisho wa siku. Sheria hiyo hiyo inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi, si kibarua tena, anahesabiwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi na haki zake. Wenye biashara ndogo wengi hawaijui sehemu hiyo ya pili mpaka wanapoitwa ofisi ya leba.

Tufanye hesabu, mfano tu. Yadi inakulipa shilingi 60,000 kwa mwezi, siku 26 za kazi. Una wafagiaji wawili, kila mmoja 800 kwa siku. Hiyo ni 1,600 kila siku, 41,600 kwa mwezi. Fagio, maranda ya kunyonya oili, maski, glavu na gari la taka, weka 6,000. Unabaki na 12,400. Vizuri. Lakini kama unapeleka invoisi mwisho wa mwezi na unalipwa siku thelathini baadaye, umeshatoa mishahara ya miezi miwili, 83,200, kabla hujaona hata senti ya yadi. Nani Jomvu Kuu ana 83,200 zimekaa tu?

Hapo ndipo shukrani inapogeuka maneno. Bosi anasema "nashukuru sana ndugu zangu, vumilieni kidogo," na wanaovumilia ni wale wawili wenye vumbi puani. Wahenga walishasema shukrani ya punda ni mateke.

Dawa yake si kukopa. Tunaliandika hili tukijua mikopo ya simu ni sehemu ya biashara yetu sisi wenyewe: ukilipa mishahara kwa mkopo kila wiki, ada zitakula ile 12,400 yako polepole mpaka ubaki unafagia bure. Dawa ni kuomba yadi ilipe kila wiki, 15,000 mara nne, moja kwa moja kwenye nambari yako ya biashara. Mishahara ya siku sita ni 9,600. Kiasi hicho mtu anaweza kukiweka akiba kabla hata hajaanza kazi. Ongea na mwenye yadi mapema, siku ya kukubaliana bei, maana ukishaanza kufagia huna tena la kumshawishi. Usione haya kulitaja hilo. Wengine hukubali upesi kuliko unavyodhani, kwa sababu 15,000 inatoka kwenye simu ya meneja bila kupitia kwa yule mhasibu.

Pesa ikiingia, toa fungu la mishahara siku hiyo hiyo, uliweke kando na laini ya matumizi yako. Pesa ya biashara ikilala pamoja na pesa ya nyumbani, asubuhi haijulikani ipi ni ipi.

Halafu kuna lile neno la kila siku: "Boss, nitumie na ya kutolea." Wako wanaolichukulia kama usumbufu. Sisi tunasema ni haki. Ada za kutoa pesa kwa wakala hupangwa kwa madaraja, na zinamuuma zaidi mwenye kiasi kidogo. Anayetoa 800 hukatwa sehemu kubwa ya pesa yake kuliko anayetoa 2,400. Ukimwambia mtu kazi ni 800 na zikamfikia 770 na kitu, hukumlipa 800. Kama mnaweza kukubaliana, bila kulazimishana, alipwe mara mbili kwa wiki ili atoe mara moja kiasi kikubwa, sawa. Mwingine atasema hapana, unga ni wa leo. Basi ongeza ya kutolea. Ukiweka maelezo kwenye malipo, "Jumatano, yadi ya juu", utakuwa na daftari ambalo halilowi mvua, naye atakuwa na ushahidi kwamba alifanya kazi siku ile. Ukienda kuomba mkopo wa kununua mashine, rekodi hiyo ndiyo itakayokutetea.

Na kwa mwenye yadi, shukrani iweje? Wengi hukimbilia kupunguza bei. "Mteja wa zamani, nipunguzie." Tafadhali, usipunguze. Punguzo lako linatoka kwenye mfuko wa mfagiaji, huna kwingine pa kulitoa. Mshukuru kwa kazi. Tembeza sumaku juu ya uwanja kila Ijumaa, mpigie picha ya misumari na bolti ulizookota, umtumie kwenye WhatsApp. Anajua bei ya tairi moja la trela. Picha hiyo inamwambia kwa nini anakulipa.

Kazi yenyewe nayo ina adabu zake. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, fagia ukiupa upepo mgongo, usije ukameza ulichokifagia. Kusi ikiingia, geuza upande wa kuanzia. Nyunyiza maji kwanza, hata ya chumvi ya kisima yanatosha, kwa sababu fagio kavu haliondoi vumbi, linalihamisha tu kutoka chini hadi kwenye mapafu ya watu. Barakoa ya kitambaa haisaidii sana kwa vumbi la saruji na klinka. Nunua zile nene na uzihesabu kama gharama ya kazi, kama unavyohesabu fagio. Oili ifunikwe kwa maranda au mchanga kwanza, izolewe, isisukumwe na maji.

Na usifagie kuelekea mtaroni. Tunajua ni rahisi na hakuna anayeona saa kumi na moja alfajiri. Mvua ya masika ikija, mtaro ulioziba unarudisha kila kitu uwanjani, na kilichofanikiwa kupita kinateremka hadi kwenye mikoko ya hori ya Tudor, ambako wenzetu wa Jomvu na Mikindani wanavua. Ukiwaomba madereva na taniboi watupe taka kwenye pipa moja utakaloliweka wewe getini, nusu ya kazi imekwisha. Waite kwa majina, waamkie. Hilo halina ada.

Kuna jambo la mwisho ambalo hatuwezi kuliacha, kwa sababu wafagiaji na mabosi wao wote wanaibiwa hapa. Ukipokea ujumbe kwamba pesa imeingia, angalia salio kabla ya kushukuru. Ujumbe wa kughushi unafanana sana na wa kweli, na anayepiga dakika mbili baadaye akilia kwamba alikosea nambari, anaomba umrudishie pesa ambayo haikuwahi kufika. Mwambie awasiliane na huduma kwa wateja. Usimpe mtu PIN yako, hata anayesema anatoka kwetu.

Kwa wale wawili wa fagio, kuna mpango wa NSSF unaoitwa Haba Haba, shilingi 25 kwa siku, unaolipika kwa simu. Bosi anayetaka kushukuru zaidi ya mshahara anaweza kuwalipia hizo 25, wawili kwa siku 26 ni 1,300 kwa mwezi. Kwenye ile hesabu yetu ya mfano bado atabaki na 11,100, kabla ya kutoa ya kutolea.