Jinja na Mbale: Ndege wanasema nini kuhusu ardhioevu zinazotoweka?

Kila mwaka, kuanzia mwezi Septemba, vitwitwi, mbayuwayu na buabua kutoka Ulaya na Urusi huanza kuwasili mashariki mwa Uganda. Hutua kwenye kingo za Ziwa Victoria karibu na Jinja, katika mashamba ya mpunga chini ya Mlima Elgon, na kwenye vinamasi vinavyopeleka maji yake Ziwa Kyoga. Hukaa hadi Machi au Aprili, kisha hurejea kaskazini kutaga mayai.

Kwa watazamaji wa ndege huu ni msimu wa neema. Uganda haina pwani ya bahari, lakini ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na sehemu kubwa ya utajiri huo hutegemea maji. Kwa wakazi wa kawaida wa Jinja na Mbale, hata hivyo, ujio wa ndege hawa una maana nyingine. Ni miongoni mwa vipimo rahisi vya kujua kama ardhioevu inayosafisha maji yao, kupunguza mafuriko na kulisha mifugo yao ingali hai au imebaki jina tu.

Kipimo hicho kinaonesha hali isiyoridhisha. Katika miaka ya 1990, ardhioevu zilifunika zaidi ya asilimia 15 ya eneo la Uganda. Takwimu za serikali za miaka ya karibuni zinaonesha kuwa kiwango hicho kimeshuka chini ya asilimia 10, na mashariki mwa nchi, ambako kilimo cha mpunga kimeenea mabondeni, ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi.

Wageni na wenyeji

Ndege wa ardhioevu hawana mahitaji sawa. Wageni wa kaskazini huhitaji tope jepesi na maji ya kina kifupi ambamo wanaweza kuokota wadudu na minyoo. Shamba la mpunga lililotoka kulimwa huwatosha. Yangeyange na kwarara nao hufuata jembe na ng'ombe bila hofu.

Wenyeji wengine ni wagumu zaidi kuridhika. Korongo taji, ndege anayeonekana katikati ya bendera ya Uganda tangu uhuru mwaka 1962, na ambaye jina lake hubebwa na timu ya taifa ya kandanda, hujenga kiota chake juu ya majani ya kinamasi wakati wa mvua. Mayai huatamiwa kwa takriban mwezi mmoja, na vifaranga hukaa wiki nyingi kabla ya kuweza kuruka. Katika kipindi hicho chote, jozi ya korongo huhitaji maji yasiyokaushwa na majani yasiyokatwa wala kuchomwa moto. Kinamasi kikilimwa katikati ya msimu, uzazi wa mwaka huo hupotea.

Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 2012, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilimpandisha korongo taji hadi kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Sababu zilizotajwa ni pamoja na kupotea kwa ardhioevu, kukamatwa kwa ndege hao kwa ajili ya biashara, na sumu inayotegwa na wakulima wanaowaona wakifukua mbegu zilizopandwa.

Yuko pia ndege ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa Uganda: kwera wa Fox, anayeishi hasa kwenye vinamasi vya mashariki, vikiwemo vya maziwa Bisina na Opeta, kaskazini mwa Mbale. Maziwa hayo mawili yaliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Opeta ni makazi pia ya korongo domo-kiatu, ambaye watalii husafiri kutoka mbali kumwona. Ndege hao wakipotea mashariki mwa Uganda, kwera wa Fox hatakuwa na nchi nyingine ya kukimbilia.

Jinja: mafunjo yanayofanya kazi bila mshahara

Jinja ni mji wa maji. Hapo ndipo Mto Naili unapotoka Ziwa Victoria, na hapo ndipo Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954. Minandi, midiria na furukombe huonekana kila siku, nao makongoti wamezoea majalala ya mji kiasi kwamba hakuna anayewashangaa.

Ndege wanaostahili kuangaliwa zaidi, hata hivyo, hawaonekani kwa urahisi. Wamejificha ndani ya mafunjo. Mmoja wao ana mgongo mweusi, tumbo jekundu na utosi wa manjano, na haishi popote pasipo na mafunjo marefu na mazito. Husikika kabla ya kuonekana. Sauti yake ikinyamaza katika kinamasi fulani, maana yake ni kwamba mafunjo yenyewe yamekatwakatwa kiasi cha kutomfaa tena.

Mafunjo hayo si pambo. Kinamasi cha Kirinya, pembezoni mwa Jinja, hupokea maji yanayotoka kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka ya mji kabla hayajafika ziwani. Mizizi ya mafunjo hunyonya naitrojeni na fosforasi, na tope lake hunasa uchafu mwingine. Thamani ya kazi kama hiyo ilikadiriwa katika kinamasi cha Nakivubo mjini Kampala mwishoni mwa miaka ya 1990: kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka, ikiwa ni gharama ambayo mji ungelazimika kuilipa kwa mitambo. Kinamasi kikigeuzwa mashamba ya viazi vikuu na miwa, gharama hiyo haipotei. Huhamia kwa mkazi wa mtaa wa ziwani anayechota maji kwa ndoo.

Ziwa lenyewe limetoa onyo. Mwezi Mei 2020, kina cha Ziwa Victoria, kinachopimwa Jinja, kilipanda na kuvuka rekodi ya mwaka 1964. Nyumba, hoteli na bandari za wavuvi zilizojengwa kwenye ukingo wa ziwa zilifunikwa. Mvua ilikuwa kubwa mno, na hilo halina ubishi. Lakini walioathirika zaidi walikuwa wale waliokuwa wamejenga mahali ambapo ziwa hujitanua katika miaka ya mvua nyingi, yaani mahali palipokuwa pa ndege na mafunjo.

Mbale: mlima, mto na mpunga

Mbale ina hadithi tofauti. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa ilisababisha mito Nabuyonga na Namatala kufurika. Zaidi ya watu 20 walifariki dunia, na maelfu walipoteza makazi au huduma ya maji safi.

Ingekuwa kosa kulaumu upotevu wa vinamasi peke yake kwa maafa hayo. Mji uko chini ya mlima, miteremko imepoteza miti, na watu wamejenga hadi kwenye kingo za mito. Ardhioevu kubwa ya Namatala iko chini zaidi, baada ya mji. Kazi yake ni kupokea maji na udongo vinavyoshuka kutoka Elgon na kuvipunguza kasi kabla havijafika Budaka na Butaleja. Kinamasi kikilimwa chote na mto ukinyooshwa kwa mifereji, mafuriko ya Mbale huwa pia mafuriko ya majirani walio chini, na udongo hujaza mifereji ya mpunga wao.

Mpunga huo haukuanza kwa uvunjaji wa sheria. Mradi wa umwagiliaji wa Doho, wilayani Butaleja, unaotumia maji ya Mto Manafwa, ulijengwa na serikali kwa msaada wa China katika miaka ya 1970 na 1980. Kibimba, wilayani Bugiri, nako kulikaushwa kwa mpango wa serikali. Wakulima wadogo waliona mafanikio hayo, wakaiga nje ya mipaka ya miradi. Kwa familia nyingi, mpunga ndio ada ya shule na gharama ya hospitali. Anayewaambia leo waondoke mabondeni anapaswa kukumbuka kwamba dola ndiyo iliyowafundisha kuingia.

Idadi kubwa inaweza kudanganya

Hapa ndipo taaluma ya kuhesabu ndege inapokuwa na uzito. Mashamba ya Doho yametambuliwa kuwa miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege nchini Uganda, kwa kuwa ndege wa majini hukusanyika huko kwa wingi. Mtu anaweza kuhitimisha kwamba mpunga hauna madhara. Hitimisho hilo si sahihi.

Shamba la mpunga huwapa chakula ndege wanaopita na wale wasiochagua. Haliwapi mahali pa kutagia korongo taji, wala halimfai ndege wa mafunjo. Kwa hiyo jumla ya ndege inaweza kuongezeka huku aina za ndege zikipungua. Sensa ya ndege wa majini, inayofanyika Januari kila mwaka katika nchi nyingi za Afrika, na ambayo kwa Uganda huendeshwa na Nature Uganda, jumuiya yenye mizizi inayorudi hadi mwaka 1909, ina maana pale tu aina zinapotenganishwa na hesabu kurudiwa mwaka hadi mwaka.

Ndege na mkulima pia si marafiki kila wakati. Mpunga unapokaribia kukomaa, makundi ya kwelea na kwera hushuka mashambani, na kazi ya kuamia huangukia watoto. Katika vijiji vya mpunga vya Butaleja, watoto kukosa shule kwa sababu ya kuamia ndege ni jambo linalolalamikiwa kwa miaka mingi. Ng'ambo ya mpaka, Bunyala magharibi mwa Kenya, watu walitumia dawa ya kuua wadudu kuwatega ndege wa mashamba ya mpunga, wakiwemo korongo domo-wazi, na nyama yake ikauzwa kwa walaji. Uhifadhi usiozungumzia hasara ya mkulima na mtoto aliye shambani badala ya darasani hautasikilizwa.

Afya ya binadamu nayo imo. Mwezi Januari 2017, buabua wenye mabawa meupe walikutwa wamekufa kwa wingi ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na serikali ikathibitisha homa ya mafua ya ndege. Waliogundua kwanza ni watu waliokuwa ziwani na waliojua kwamba vifo vile havikuwa vya kawaida.

Sheria ipo, utekelezaji unayumba

Uganda haikosi sheria. Katiba ya mwaka 1995 inaitaja serikali kuwa mdhamini wa ardhioevu kwa niaba ya wananchi. Sera ya taifa ya ardhioevu ilipitishwa mwaka huohuo, na sheria mpya ya mazingira ikatungwa mwaka 2019. Mwaka 2005 Kampala ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa nchi wanachama wa Mkataba wa Ramsar. Pamoja na hayo, hati za umiliki zimetolewa ndani ya vinamasi, na viwanda vimejengwa juu yake.

Mwezi Juni 2024, nyumba za wakazi wa kinamasi cha Lubigi, pembezoni mwa Kampala, zilibomolewa kwa amri ya mamlaka ya mazingira. Picha za familia zilizobaki bila paa zilizua swali ambalo linasikika pia Jinja na Mbale: kwa nini mwenye kibanda huondolewa kwanza, na mwenye hati na ukuta wa zege hufikiriwa baadaye? Sheria inayoonekana kuwabagua wanyonge hujenga uadui dhidi ya kinamasi chenyewe.

Njia ya kati ipo. Mpunga unaweza kubaki katika miradi iliyokwisha kujengwa na kuboreshwa ili utoe mavuno zaidi kwa ekari, huku kingo za mito na mafunjo yaliyosalia yakiachwa. Samaki wa kufuga pembezoni, ufumaji wa mikeka kwa mafunjo yanayovunwa kwa zamu, na utalii wa ndege vinaweza kusaidia, ingawa ni udanganyifu kuahidi kwamba utalii peke yake utaziba pengo la mpunga.

Elimu kwa lugha gani?

Suala moja hutajwa kwa nadra. Ujumbe mwingi kuhusu ardhioevu hutolewa kwa Kiingereza, au kwa Luganda, Lusoga na Lumasaba. Lakini katika mitaa kama Walukuba mjini Jinja, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki, na katika masoko ya Mbale yaliyo karibu na mpaka wa Kenya, Kiswahili ni lugha ya kazi na ya majirani. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi. Ni vigumu kumtaka mkazi atoe taarifa ya ndege waliokufa au kinamasi kinachochomwa, iwapo maelekezo hayajamfikia kwa lugha anayoitumia.

Maji ya Jinja na ya Mbale hukutana. Naili huingia Ziwa Kyoga, na mito ya Elgon hulifikia ziwa hilo kupitia Mpologoma. Kutoka hapo safari huendelea hadi Sudan na Misri, katika bonde ambalo ndege wengi wahamaji hulifuata wanaporudi kaskazini. Aprili wanapoondoka, korongo taji huwa anatafuta mahali pa kujenga kiota katika mvua mpya. Kama atapata kinamasi au shamba lililolimwa hadi ukingoni mwa mto, jibu litawahusu pia wanaoishi chini ya mkondo mvua hizo zitakapozidi.