Pimbi wa Mawe, Binamu wa Ndovu

Jumapili hii twende Matiliku, kule Makueni, upande wa Nzaui. Hatuendi kutazama maembe wala machungwa yanayoisifisha nchi hiyo. Tunakwenda kutazama vilima vya mawe. Katika vilima kama hivyo vya Ukambani, jua la asubuhi likipasha mawe joto, hutokea kwenye nyufa kijinyama cha rangi ya udongo, kinene, hakina mkia, kikajianika juani kama mzee aliyetoka kuugua. Huyo ndiye pimbi. Katika Biblia ya Kiswahili anaitwa wibari.

Wengi wetu tuliolelewa mjini tukimwona husema, “Lo, panya gani huyu!” Usijilaumu. Mwaka 1766 mtaalamu Pallas naye alimpanga pimbi katika jamaa ya wanyama wa jinsi ya panya. Miaka michache baada ya 1800, Mfaransa Cuvier alichunguza mifupa na meno yake akasema hapana, huyu hana udugu na panya.

Basi ni ndugu ya nani? Hebu tazama mwenyewe. Vidole vyake vingi havina makucha ya kukwaruza, vina kucha bapa mfano wa kwato ndogo. Meno yake mawili ya mbele, juu, hukua maisha yake yote na kuchomoza kama vipembe. Pembe za ndovu nazo, kwa kweli, ni meno ya mbele ya juu. Korodani za dume hubaki ndani ya mwili, kama za ndovu. Tena kuna mimba! Mbwa, ambaye kwa kawaida humzidi pimbi uzito mara kadhaa, hubeba mimba miezi miwili tu. Pimbi wa kilo mbili au tatu hubeba kwa zaidi ya miezi saba, na mtoto akizaliwa macho yako wazi na siku hiyo hiyo anakimbia.

Mambo hayo yalibaki ya kubishaniwa mpaka wataalamu walipoanza kulinganisha DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo katika kila chembe ya mwili. Mwaka 1998 ukoo mzima ulipewa jina, Afrotheria, na ndani yake wamo ndovu, nguva wa baharini, pimbi, muhanga na sange. Wote asili yao ni bara letu. Pimbi, ndovu na nguva walikuwa na babu mmoja zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Siku hizo pimbi hakuwa mnyonge. Mifupa iliyofukuliwa Fayum, Misri, yaonyesha pimbi wa kila kimo, na mmoja wao alikuwa mkubwa kama kifaru. Hata kisiwani Rusinga, Ziwa Victoria, mabaki ya pimbi wa kale yamepatikana. Wataalamu wengi wanaona kwamba jamii ya swala na nyati ilipoenea, iliwapokonya pimbi malisho, nao waliosalia wakabaki na mawe na miti.

Hapo kwenye mawe ndipo penye shida ninayotaka uifikirie. Kilima cha mawe kwa pimbi ni kisiwa. Pale Serengeti, mtaalamu Hendrik Hoeck alianza mwaka 1971 kuwafuatilia pimbi katika vilima vilivyotapakaa uwandani. Kila familia ina dume mmoja, majike kadhaa na watoto. Asipoingia mgeni, vizazi vichache tu vikipita watu wa kisiwa hicho wote ni damu moja, na ugonjwa unaomwangusha mmoja waweza kuwaangusha wote. Mwaka 2001 Hoeck na mwenzake Gabriele Gerlach walieleza walichosoma katika DNA: vilima vidogo huishiwa na pimbi, kisha hupata wakazi wapya kutoka vilima vingine, na majike ndio wanaosafiri zaidi. Nilizoea kusikia kwamba katika wanyama wanyonyeshao vijana wa kiume ndio huhama. Kumbe huku mabinti ndio huleta damu mpya!

Msafiri huyo wa kilo mbili lazima avuke uwanda, tai akimwinda kutoka juu. Vichaka ndivyo kivuli chake. Sasa fikiria Ukambani, vichaka vikigeuzwa makaa na kilima chenyewe kikipasuliwa kokoto. Simlaumu mzazi anayevunja mawe apate karo. Ni kazi ya jasho, na nyumba zetu za mjini zimejengwa kwa kokoto hizo. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kupasua upande mmoja wa kilima na kukimaliza chote, na kati ya kuacha ukanda wa vichaka na kufyeka mpaka jiwe la mwisho.

Kijana wa shule, likizo ukienda ushago, chukua daftari upande kilimani. Pimbi wana choo kimoja cha pamoja, mwaka hadi mwaka, na mkojo wao huacha michirizi myeupe mwambani inayoonekana kwa mbali. Tafuta vinyesi vidogo vya duara. Vikiwa vibichi, wenyewe wamo ndani ya nyufa wanakutazama. Vikiwa vikavu tupu na vumbi, waulize wazee pimbi walionekana lini mara ya mwisho, kisha angalia kilima kilicho jirani kiko umbali gani, na katikati pamebaki nini.