Janti kubwa kwa motokari ya nyumbani: uzuri ao hatari?



Katika ukurasa huu tunazoea kuzungumza juu ya kaske, miwani, vumbi na malaria. Leo ninataka kusema juu ya jambo linalotokea nje ya mulango wa kazi, lakini linaleta wagonjwa kwetu sawa na lile la karieri. Ni magurudumu makubwa ambayo wengi wetu wanafunga kwenye motokari zao za fahari. Mercedes iliyotoka kiwandani na janti ya 16 inatembea sasa hapa Kolwezi na janti ya 19, na mupira mwembamba kama utepe.

Maoni yangu ninayatoa wazi tangu mwanzo: kwa barabara zetu, ukubwa uliochaguliwa na kiwanda ndio unaofaa. Ukipenda kuongeza, usipite ukubwa ambao kiwanda chenyewe kimekubali kwa motokari ile.

Sikatazi mutu kupendeza. Mufanyakazi aliyeamka usiku kwa miaka kumi ana haki ya kununua motokari nzuri, na tena ana haki ya kuitengeneza ipendeze. Nisiseme kama mutu mwenye wivu. Lakini mupira si pambo kama rangi ao pazia. Mupira ndio kitu kimoja tu cha motokari kinachogusa barabara, na mahali panapogusa, kwa kila gurudumu, ni padogo, karibu kama kiganja cha mukono.

Tuangalie namna tunavyofanya kazini

Munajua kamyo kubwa za karieri. Kamyo inayobeba karibu tani 100 inavaa mipira ya 27.00R49. Je, kuna shofere mumoja aliyewahi kuamka asubuhi na kusema: «Leo nitafunga mipira mingine, itapendeza zaidi»? Hapana. Mupira unachaguliwa kwa kupima muzigo, mwendo na urefu wa njia, sababu mupira uliopita kipimo chake unapata moto ndani na unaweza kupasuka. Mahali pa kutia upepo kuna masharti, na mutu asiyefundishwa hakaribii. Basi, kwa nini mutu yule yule, akivua nguo za kazi, aache masharti yote kwa muuzaji wa kando ya barabara? Ndani ya kamyo yuko peke yake. Ndani ya motokari ya nyumbani kuna muke na watoto.

Namba zinasema nini

Mupira una maandishi. Tuchukue mufano wa Mercedes C iliyotengenezwa kati ya 2007 na 2014. Mingi yake ilikuwa na mupira wa 205/55R16. Namba 205 ni upana kwa milimeta. Namba 55 inaonyesha urefu wa ubavu wa mupira: ni 55 kwa 100 ya upana ule, maana yake karibu milimeta 113. Namba 16 ni kipimo cha janti kwa inchi. Ukihesabu yote, gurudumu zima lina urefu wa karibu milimeta 632.

Kiwanda kilitoa pia 225/45R17. Hesabu yake inafika milimeta 634. Munaona? Janti imeongezeka, lakini gurudumu limebaki karibu sawa. Wahandisi walipunguza ubavu kwa kipimo kile kile walichoongeza janti.

Sasa mutu anafunga 235/35R19. Gurudumu linafika milimeta 647, si mbali sana, lakini ubavu umebaki milimeta 82 tu. Mwingine anaokota 245/40R19 sababu bei ni ya chini. Hiyo inafika karibu milimeta 679, zaidi ya 7 kwa 100. Mushale wa mwendo ukionyesha 100, kwa kweli anakwenda 107. Anazania yuko sawa na sheria, kumbe amekwisha kuipita. Na freni, zilizotengenezwa kwa gurudumu dogo na jepesi, zinapaswa sasa kusimamisha gurudumu refu na zito. Motokari itahitaji nafasi zaidi mbele ya kusimama. Nafasi hiyo ndiyo mutoto anayevuka barabara hana.

Barabara yetu si ya Ulaya

Ubavu wa mupira ni mutulizo. Ukiingia katika shimo, ubavu unakunjwa, upepo unapokea pigo, na janti inapona. Ubavu ukiwa mufupi, makali ya shimo yanabana mupira juu ya chuma. Nyuzi za ndani zinakatika, na wewe huoni kitu. Kisha siku moja unaona uvimbe ubavuni, kama jipu. Jipu hilo halina dawa. Mupira huo utapasuka, na mara nyingi unapasuka wakati wa mwendo mukali, joto la mchana, motokari imejaa watu.

Na ile janti ya alumini inapasuka pia. Wengine wanaipeleka kuchomewa. Chuma kilichochomewa hivyo kinapendeza kwa macho, lakini nguvu yake ya kwanza haikurudi.

Tena kuna mvua. Tangu Novemba mupaka Aprili maji yanatulia juu ya gudroni. Mupira mupana unapata taabu zaidi kuyakata maji. Unaelea juu yake, na usukani unakuwa mwepesi mikononi kama si wako.

Njia ya Kolwezi, Fungurume, Likasi mupaka Lubumbashi inabeba kamyo za shaba, za chokaa na za asidi, usiku na mchana. Wote tunakumbuka Tenke, Februari 2019, wakati kamyo ya asidi ilipogongana na magari mengine na watu wengi wakafa. Sisemi kama mipira ndiyo ilileta ajali ile. Ninasema tu kwamba kwa njia ya namna hii, mutu anayepasukiwa mupira anakutana na nani upande wa pili? Anakutana na tani 40.

Mashimo ya boloni

Hapa ndipo wauzaji wanadanganya wengi. Mercedes ina boloni 5 juu ya muzunguko wa milimeta 112. Toyota Mark X ina 5 pia, lakini muzunguko wake ni 114.3. Kwa macho huwezi kutofautisha. Muuzaji anasema: «Inaingia, baba, usiogope.» Ni kweli inaingia kwa kulazimisha, lakini boloni inakaa upande, na kila pigo la shimo linailegeza ao kuikunja.

Tundu la katikati nalo lina kipimo: 66.6 kwa Mercedes, 60.1 kwa Toyota ile. Na boloni za Mercedes zinakalia janti yake kwa kichwa cha mviringo, lakini janti nyingi za soko zinataka kichwa chembamba kama koni. Ukichanganya, boloni inashika kwa sehemu ndogo tu. Na wale wanaotia vipande vya chuma ili gurudumu litokeze nje, wajue kwamba wanaongeza muzigo juu ya rulema, na boloni zinashika kwa urefu mufupi zaidi.

Na mwili wa mutu?

Shofere wa karieri anakaa kitini kwa saa nyingi, na mugongo wake unapokea mitikisiko yote. Sisi wa dispanseri tunayajua maumivu ya kiuno ya watu hawa. Mufanyakazi kama huyu, akitoka kazini, mugongo wake unahitaji pumziko. Mupira mugumu na mufupi unamurudishia karieri ndani ya motokari yake. Mama mwenye mimba naye hapaswi kurushwa hivyo kila siku.

Mashauri kwa yule anayetaka kubadili

1. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye mulango wa shofere ao kwenye kifuniko cha mafuta, na kitabu cha motokari. Fuata ukubwa na upepo ulioandikwa pale. Pima upepo mbele ya safari, mupira ukiwa baridi.

2. Hesabu urefu wa gurudumu jipya. Ukipita 3 kwa 100 ya lile la kwanza, acha.

3. Angalia namba ya muzigo. Namba 91 inabeba kilo 615 kwa kila mupira. Namba 87 inabeba 545. Kwa mipira minne umepoteza kilo 280. Ni watu wane na mifuko yao.

4. Angalia umri. Namba nne za mwisho za maandishi ya DOT zinaonyesha juma na mwaka: 1219 ni juma la 12 la 2019. Mupira wa zamani ni wa zamani hata kama meno yake ni marefu.

5. Jaribu kukata usukani mupaka mwisho, watu wakiwa ndani. Gurudumu likigusa bati, halifai.

6. Rudia kukaza boloni nyuma ya kilometa 50 ao 100 za kwanza.

7. Usiuze janti za kiwanda. Kwa safari ya Lubumbashi, zifunge tena.

Najua wengine watasema: «Munganga mudogo huyu anaingilia mambo ya garaji.» Ni sawa. Fundi anaona chuma kilichovunjika. Sisi tunaona muguu uliovunjika. Chuma kinanunuliwa tena sokoni. Mama wa nyumba, ukiona bwana anahesabu mafranga ya janti, muulize kwa upole: «Na mikanda ya viti vya nyuma, inafunga?» Kama haifungi, hapo ndipo feza ianzie.

Kuuliza si ujinga. Mbele ya kununua, uliza fundi anayejua vipimo, si muuzaji anayetaka kumaliza mali yake. Fahari ya motokari ni kufika, na wote waliopanda washuke kwa miguu yao.